Harufu ya petroli ndani ya Premio baada ya kujaza tanki: nianzie wapi?

Mkazi wa Tabata ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Naomba mawazo yenu kabla sijarudi gereji na kuambiwa ninunue hiki na kile. Nina gari aina ya Toyota Premio la mwaka 2004, lenye injini ya 1ZZ-FE ya cc 1794, ambalo kwa sasa linatoa harufu kali ya petroli ndani, hasa upande wa nyuma, kiasi kwamba mke wangu, ambaye hukaa nyuma na mtoto, hufika mjini akilalamika kuwa kichwa kinamwuma.

Harufu yenyewe ina tabia ambayo sijaielewa. Nikijaza tanki huwa kali mno siku hiyo, na hukolea zaidi gari linapokata kona au kupanda mlima. Mshale ukishuka chini ya nusu, harufu nayo hupungua hadi nadhani tatizo limejiondokea. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, kutoka Tabata Relini kwenda Buguruni, tunalazimika kufungua vioo ingawa kiyoyozi kinafanya kazi vizuri. Gari linawaka bila shida, halitetemeki, taa ya injini haijawaka, na asubuhi nikichungulia chini sioni tone lolote sakafuni.

Kuna jambo moja ambalo huenda likasaidia. Kabla ya masika pampu ya mafuta ilikufa, nikalipeleka gari katika gereji moja ambako walinyanyua kiti cha nyuma na kuweka pampu nyingine iliyokwisha kutumika. Harufu ilianza baada ya hapo, ingawa haikuanza siku ileile, kwa kuwa wakati huo tanki lilikuwa na mafuta kidogo sana. Niliporudi kuuliza, nilijibiwa kwamba Premio zote zikizeeka huwa hivyo, na kwamba ninunue manukato ya gari. Jirani yangu anashauri nibadilishe nozeli zote nne, zile zinazopulizia petroli kwenye injini. Shemeji yangu anasema ni kenista ya mkaa, ile inayonasa mvuke wa tanki. Je, chanzo kinaweza kuwa kipi, na ni salama kuendelea kulitumia gari wakati natafuta ufumbuzi?

Fundi wa Ilala amejibu:

Ndugu yangu, pole. Usinunue nozeli, na kenista nayo iache kwanza. Maelezo yako yenyewe yamekwisha kutaja mahali pa kuanzia, kwa sababu harufu inayopanda tanki likijaa na kushuka mafuta yakipungua hutoka kwenye tanki au juu yake, haitoki kwenye injini. Nozeli hazijui tanki lina lita ngapi. Zenyewe hupokea mafuta kwa shinikizo lilelile, kati ya kilopaskali 300 na 350 kwa injini yako, liwe tanki limefurika au limebakiza mafuta ya kukufikisha Ubungo tu. Kama oringi za nozeli (pete zake za mpira) zingekuwa zinavuja, ungesikia harufu mbele, ukifungua boneti, na mara nyingi asubuhi gari linapowashwa likiwa baridi, kwa sababu mpira mkavu huziba vizuri zaidi injini ikishapata moto na kutanuka.

Kwenye gari lako tanki limelala chini ya kiti cha nyuma. Mto wa kiti hushikwa na vibanio viwili upande wa mbele. Ukiuvuta juu kwa nguvu kidogo unatoka, na chini yake utakuta kifuniko cha bati kilichogandishwa kwa ulimbo mweusi unaonata. Chini ya kifuniko hicho ndipo penye kichwa cha pampu, chenye soketi ya umeme, mpira wa mvuke, na bomba la mafuta linaloelekea mbele. Kati ya kichwa hicho na mdomo wa tanki kuna gasketi ya mpira ya mviringo, na hiyo ndiyo ninayoishuku kuliko kitu kingine chochote.

Nieleze kwa nini, kwa sababu kosa hili naliona mara kwa mara. Gasketi hiyo ikikaa miaka mingi katika mvuke wa petroli huvimba. Fundi akiitoa, huiona imekuwa kubwa kuliko mfereji wake na haitaki kurudi. Basi huilazimisha kwa kidole au kwa bisibisi, sehemu moja inakunjamana, naye anabana boliti juu yake na kuondoka. Tanki likiwa nusu, petroli haifiki juu, kwa hiyo unaopenya ni mvuke kidogo tu. Ukijaza tanki na kukata kona, petroli yenyewe inapiga kwenye gasketi iliyokunjika na kulowesha juu ya tanki. Haidondoki chini kwa sababu hukauka palepale kwa joto la hapa kwetu; ndiyo maana huoni tone sakafuni. Tena wengi wakimaliza hukirudisha kile kifuniko cha bati bila kukibandika upya, au hukibana kwa boliti mbili badala ya zote, na mvuke huo ambao ungepotelea chini ya gari unapata njia ya kuingia moja kwa moja mahali anapokaa mtoto wako.

Namna ya kuthibitisha ni nyepesi. Usitoe pampu. Jaza tanki, endesha kidogo, kisha mahali pa wazi, injini ikiwa imezimwa, nyanyua kiti, toa kifuniko, na umulike kwa tochi ya kawaida ya betri. Juu ya tanki huwa na vumbi la miaka mingi. Mahali panapovuja, vumbi hilo huwa limelowa na kuwa jeusi, au limeoshwa kabisa pakabaki alama safi yenye ukingo wa rangi ya kahawia. Angalia pia kiungo cha plastiki cha bomba la mafuta, maana nacho kina oringi ndani na kikivunjwa kile kikufuli chake hakishiki sawasawa. Na upitishe kidole taratibu kwenye plastiki ya kichwa cha pampu kutafuta ufa, kwa kuwa pampu yako ilikwisha kutumika kwingine na hujui ilifunguliwa kwa namna gani.

Mama wa Mbezi Beach amejibu:

Ndugu Mkazi wa Tabata, nami nilipata tatizo kama hilo kwenye Toyota Raum yangu, na fundi wangu alilimaliza kwa kupaka silikoni nyekundu ya gasketi kuzunguka kichwa chote cha pampu. Mwanzoni alikuwa ameziba kwa sabuni ya kipande, ile ya kufulia, na kwa kweli harufu ilikata siku hiyohiyo. Kwa hiyo kabla hujahangaika na spea, jaribu njia hiyo; ni rahisi na haina gharama.

Mhandisi Mstaafu, Upanga, amejibu:

Mama yangu wa Mbezi Beach, naomba radhi kukupinga, ila hapa panahitaji tahadhari. Sabuni ya kipande ni dawa ya njiani ambayo madereva wa malori wamekuwa wakiitumia tangu zamani, na ina mantiki yake, kwani petroli haiiyeyushi sabuni kwa urahisi. Lakini maji huiyeyusha, na mvua ya kwanza ya masika ikipiga chini ya gari utarudi ulikotoka. Sabuni ni ya kumfikisha mtu gereji. Silikoni ya kawaida ya gasketi ni mbaya zaidi, kwa sababu petroli huifanya ivimbe na kulegea, ikakatika vipande vipande, na vipande vikidondokea ndani ya tanki vitaishia kwenye chujio la pampu. Hata maandishi ya bidhaa hizo nyingi husema wazi kwamba hazifai mahali panapoguswa na petroli. Ninafurahi kwamba gari lako limetulia, lakini ningekushauri umwombe fundi alifungue siku moja na kuweka gasketi halisi.

Sasa nimjibu muuliza swali kuhusu usalama, kwa kuwa naona hakuna aliyeligusa. Usiendelee kulitumia gari hilo hadi utakapojua petroli inatoka wapi, na hasa usimkalishe mtoto nyuma. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya takriban nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Dar es Salaam mwezi wa pili. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hivi au zaidi, kwa hiyo haupandi kwenda kwenye paa; hutulia sakafuni, miguuni pa abiria, chini ya viti, yaani palepale penye nyaya na soketi ya umeme ya pampu. Unahitaji kuwa asilimia 1.4 tu ya hewa iliyopo ili cheche iuwashe. Mbali na moto, petroli ina benzini, ambayo imethibitishwa kusababisha saratani, na maumivu ya kichwa ya mkeo ni onyo tosha.

Mambo machache ya kuzingatia wakati wa ukaguzi. Fungua milango yote na uliache gari lipitiwe na upepo kabla ya kugusa chochote. Kichomoe kwanza kichwa cha hasi cha betri, lakini baada ya hewa kupita, kwa sababu kuchomoa kwenyewe hutoa cheche. Msiwashe sigara, msitumie kiberiti kumulika (msicheke, nimewahi kuona mtu mzima akifanya hivyo), na msilifungue gari katika ua ambamo jirani anapika kwa jiko la mkaa au la gesi hatua chache pembeni. Katika nyumba zetu nyingi gari hulala kando kabisa ya jiko la nje. Mtungi wa kuzimia moto, ule ambao trafiki hukuuliza barabarani, uwe mkononi mwa mtu badala ya kubaki kwenye buti, na uwe wa unga. Maji hayazimi petroli, huisambaza. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Na kuna jaribio moja dogo ambalo halihitaji spana, ambalo litathibitisha au kukanusha maneno ya fundi wa Ilala. Gari likiwa limesimama mahali pa wazi, injini ikiunguruma na vioo vikiwa vimefungwa, weka kiyoyozi kivute hewa ya nje. Hewa hiyo huingia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, jirani kabisa na injini. Kama harufu inakolea hapo, mvujo uko chini ya boneti. Kisha bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani pekee. Kama harufu inazidi badala ya kupungua, chanzo kiko nyuma, chini ya kiti au ndani ya buti. Fanya jaribio kwa dakika chache tu, na mtoto asiwemo. Kabla ya yote hayo, hebu chunguza buti: wakati wa mgao wa umeme wengi wetu tumebeba vidumu vya petroli ya jenereta, na kidumu kimoja kilichowahi kumwagika kwenye zulia kinaweza kunuka kwa majuma.

Kijana wa Sinza amejibu:

Shikamoo, wazee wangu. Niongeze mawili kwa faida ya wengine watakaosoma hapa wakiwa na tatizo tofauti kidogo.

La kwanza, kuna Premio za cc 2000 zenye injini ya D4, ile ambayo petroli huingizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Hizo zina pampu ya pili, ya shinikizo la juu, iliyofungwa kwenye injini, na sili zake zikichoka petroli hupenya na kuingia kwenye oili. Mwenye gari la aina hiyo akisikia harufu, achomoe kijiti cha kupimia oili na kukinusa. Kama kinanuka petroli na kipimo kimepanda badala ya kushuka, asilitembeze gari tena, kwa kuwa oili iliyochanganyika na petroli hailindi vyuma. Ndugu Mkazi wa Tabata ana 1ZZ-FE ya kawaida, haimhusu.

La pili, ikiwa harufu inatoka kwenye eksozi tu, gari likiwa limesimama na upepo ukirudisha moshi, watu waangalie plagi, koili na sensa ya oksijeni, na zaidi ya yote waulize kama masega, yaani kile kisafisha moshi kilicho ndani ya eksozi, bado yamo. Magari mengi hapa mjini yametolewa masega na kuuzwa, wenyewe wakiambiwa kwamba gari litakuwa jepesi, na matokeo yake mafuta ambayo hayakuungua hutoka nje yalivyo.

Kuhusu taa ya injini, isimtulize mtu. Magari mengi ya miaka ile yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayana mfumo wa kujipima kama mvuke wa tanki unavuja, kwa hiyo hata uunganishe mashine ya kusomea hitilafu, kompyuta itakwambia kila kitu kiko sawa.

Ninalo pia swali kwa fundi. Nimesoma mahali kwamba ili kuona mvujo unafungua swichi bila kuwasha injini, pampu inajaza shinikizo, kisha unakagua. Je, kwa Premio inafaa?

Fundi wa Ilala amejibu:

Marahaba, kijana wangu. Kwa magari mengine inafaa, lakini kwenye Toyota nyingi za kizazi hicho pampu haifanyi kazi kwa kufungua swichi tu. Huanza kusukuma stata inapozungusha injini, na husimama injini inaposimama. Ukifungua swichi na kusubiri, utakuwa unakagua mabomba yasiyo na shinikizo na kuondoka ukiwa umeridhika bure. Washa, acha iungurume kidogo, zima, kisha ndiyo ukague, kwa sababu shinikizo hubaki ndani ya mabomba kwa muda mrefu baada ya kuzima.

Mkazi wa Tabata amejibu:

Nawashukuru sana nyote. Familia imeanza kutumia usafiri mwingine tangu mhandisi aliponitahadharisha, nami nimefanya ukaguzi kama mlivyoelekeza, nikimshirikisha fundi wa jirani ambaye si wa gereji ile ya awali.

Kwenye buti hapakuwa na kitu. Jaribio la kiyoyozi lilitoa jibu la haraka kuliko nilivyotarajia: hewa ya nje ilipoingia, harufu ilipungua, nilipobonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, ilirudi ikiwa kali kiasi cha kuwasha macho, nikazima na kutoka. Tukaliacha gari milango wazi, tukachomoa betri, tukanyanyua kiti.

Kifuniko cha bati kilikuwa kimeshikwa na boliti moja, nyingine hazikuwepo. Ulimbo wa asili ulikuwa umechanika upande mmoja na kujikunja, ukiwa na uzi wa zulia ulionata ndani yake, na unaweza kupitisha kidole pale. Tulipokitoa, ilionekana alama aliyoieleza fundi wa Ilala: upande wa kulia wa kichwa cha pampu, vumbi lilikuwa limelowa na kuwa tope jeusi lenye upana wa kiganja, na upande mwingine wote lilikuwa kavu na la kijivu. Juu ya tope hilo gasketi ilikuwa imechomoza nje ya ukingo kama ulimi, na ukiigusa inakatika. Kiungo cha plastiki cha bomba kilikuwa kizima, kikufuli chake kimeshika.

Gasketi mpya nimeipata Gerezani, lakini nimeoneshwa ya aina mbili: moja nyeusi laini isiyo na jina, na nyingine ndani ya pakiti ya kampuni yenye namba ya spea, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Kwa macho zinafanana. Je, tofauti ina maana? Na kuna jambo gani la kuzingatia wakati wa kuifunga, ili yasitokee yaleyale?

Fundi wa Ilala amejibu:

Chukua yenye namba, na uhakikishe namba hiyo inalingana na gari lako kwa kutumia namba ya chesisi, usikubali kuuziwa kwa kupima kwa macho. Mpira wa kawaida na mpira unaostahimili petroli hufanana zikiwa mpya. Ule usiofaa ukikaa juu ya tanki utavimba kabla ya mwaka kwisha, nawe utarudi hapa na swali lilelile. Hata hiyo ya gharama, ukilinganisha na ulichotumia kwenye pampu, ni fedha ndogo.

Kuhusu kufunga, subirini mafuta yashuke chini ya nusu. Ondoeni shinikizo kwenye bomba kwanza, na utaratibu wa kawaida ni kuchomoa soketi ya pampu na kuiwasha injini hadi ijizimie yenyewe kwa kukosa mafuta. Ila kwa kuwa hapo kwenu tayari kuna mvujo, kausheni kwanza, yaani mfute lile tope, muache wazi hadi harufu itoweke, ndipo mrudishe betri na kuwasha. Injini ikizima, chomoeni betri tena. Baada ya hapo bomba likifunguliwa litatoa matone machache tu, na kitambaa kilichowekwa chini kitayapokea.

Kabla ya kuitoa pampu, safisheni juu ya tanki kabisa, kwa brashi na kitambaa kilicholowa, maana vumbi lote litakalobaki ukingoni litaingia ndani ya tanki. Pampu ikitoka, ina kibao cha kupimia mafuta chenye boya. Itoeni kwa kuinamisha, msiivute wima kwa nguvu, la sivyo mshale wa mafuta utaanza kusema uongo. Ufuteni mdomo wa tanki hadi ung'ae, na mpapase kwa kidole kutafuta kutu au mbonyeo, kwa sababu hata gasketi mpya haiwezi kuziba juu ya bati lililopinda kwa bisibisi ya mtu.

Gasketi ikae kavu kwenye mfereji wake, bila silikoni, bila grisi, bila gundi. Isikae katika petroli kabla ya kufungwa. Rudisheni kichwa cha pampu kikielekea upande kilikokuwa, wekeni boliti zote kwa mkono kwanza, kisha mzibane kwa kupishana, hii na iliyo mkabala wake, kidogo kidogo, mkitumia spana fupi. Hazihitaji nguvu. Anayezikaza kwa nguvu za kufunga gurudumu huupinda ule mduara wa bati, na ukishapinda hautashika tena kote.

Kisha rudisheni bomba hadi msikie mlio wa kikufuli, mlivute kuhakikisha, muunganishe soketi, muwashe, na mkague mkiwa na tochi kabla ya kufunika. Mkijiridhisha, kifuniko cha bati kibandikwe kwa ulimbo mpya unaouzwa kwa mkanda, ule wa kuzibia taa na milango ya magari. Hapo kwenye kifuniko silikoni inafaa kwa dharura, kwa kuwa hapagusani na petroli. Mama wa Mbezi Beach asije akadhani nina ugomvi nayo.

Mkazi wa Tabata amejibu:

Kazi imekamilika. Tulifuata maelekezo yote, tukajaza tanki, tukazunguka hadi Kimara na kurudi ili gari lipate vilima na kona, kisha tukanyanyua kiti tena: pakavu kabisa, na ndani hakuna harufu hata kiyoyozi kikizungusha hewa ya ndani. Zulia la nyuma tumeling'oa na kulianika, kwani lilikuwa limenywa mvuke.

Limebaki jambo moja dogo. Nikiwa nimejaza tanki, nikisimama nje ya gari upande wa nyuma, bado nasikia harufu hafifu kwa muda, kisha inapotea. Ndani haiingii. Je, ni kawaida, au sasa ndiyo zamu ya kenista aliyoitaja shemeji yangu?

Mhandisi Mstaafu, Upanga, amejibu:

Harufu hafifu inayopotea dakika chache baada ya kujaza ni ya kawaida. Mvuke uliokuwa ndani ya tanki umesukumwa nje na mafuta yaliyoingia, na mengine huwa yamedondoka mdomoni mwa tanki wakati mhudumu alipochomoa bunduki ya pampu. Anza na mfuniko wa tanki: tazama oringi yake kama imepasuka au imekauka, na ukaze hadi usikie mlio.

Ila nataka kukuuliza namna unavyojaza. Kuna mazoea kwenye vituo vyetu ya kuendelea kuongeza kidogo kidogo baada ya bunduki kukata yenyewe, ama kwa sababu mteja anataka hesabu iwe ya shilingi kamili, ama kwa sababu ameahidiwa kwamba tanki bado lina nafasi. Nafasi hiyo imeachwa makusudi kwa ajili ya mvuke. Ukiijaza, petroli yenyewe husukumwa kwenye mpira wa mvuke na kuingia kwenye kenista, ambayo ndani yake mna punje za mkaa maalumu zilizotengenezwa kunasa mvuke peke yake. Mkaa ukilowa hauwezi tena kuushika mvuke, nao hutoka nje kupitia tundu la hewa la kenista kila gari linapopata joto.

Fundi wa Ilala amejibu:

Naungana na mzee. Jaza ukiwa na mhudumu anayekubali kuacha bunduki inapokata mara ya kwanza, ufanye hivyo kwa kipindi, na uone kama harufu ya nje itakwisha. Isipokwisha, mwambie fundi wako achomoe mpira unaoingia kwenye kenista, auinamishe juu ya kitambaa cheupe. Ukitoka mvuke mtupu, kenista ina uhai, na kinachobaki ni kukagua ile vali ndogo ya umeme inayoiruhusu injini kuuvuta mvuke huo na kuuchoma, pamoja na mipira yake, ambayo kwa umri wa gari lako huenda imepasuka kwenye ncha. Likitoka tone la petroli, au punje nyeusi za mkaa, kenista imekufa, ibadilishwe. Usikubali kuoshewa kwa maji wala kuanikiwa juani.